SOMO LA HESABU YA MITI: Bei ya Miti Migumu Iliyoingia Japani na China

Wasomaji, masomo mengine yanafundisha kupanda, kupalilia na kuvuna. Somo hili ni la hesabu. Msilipite, kwa sababu ni hesabu ya msitu wenu.

Mti ukiangushwa karibu na kijiji, watu wa kijiji wanaona gogo na franka zilizotolewa siku ile. Safari ya gogo hawaioni. Gogo linapanda gari, linafika bandarini, linaingia melini, na mwisho linashushwa katika inchi ya mbali. Kule karani wa forodha anaandika katika kitabu: mti wa namna gani, kipimo gani, bei gani. Mwaka ukiisha, makarani wanajumlisha. Jumla ile ndiyo bei ya miti iliyoingia katika inchi.

Mtu anayejua kusoma jumla ile anajua kwa nini mnunuzi alifika kijijini mwaka huu. Anajua pia kwa nini mwaka mwingine hatafika tena. Asiyejua anashangaa tu, mara mbili: siku mnunuzi anapokuja, na siku anapopotea.

Tutatwaa inchi mbili zilizonunua miti migumu mingi sana: Japani na China. Tutazilinganisha, kisha tutarudi kwetu Kongo.

I. MANENO YA KUJUA KWANZA

1. Mti mgumu. Katika biashara neno hili halina maana ya ugumu wa shoka. Miti migumu ni miti yote ya majani mapana. Miti mororo ni ile yenye majani kama sindano, kwa mfano misonobari. Kwa hiyo okoume wa Gaboni, ingawa mbao yake ni nyepesi, unaandikwa pamoja na miti migumu. Lifaki, iroko, wenge na afrormosia wa misitu yetu ni miti migumu vilevile. Lakini mwaloni wa inchi za baridi ni mti mgumu pia. Mkisoma «miti migumu», ulizeni kwanza: ya inchi za joto, ao ya inchi za baridi?

2. Meta ya ujazo. Ni kipimo cha sanduku ambalo urefu wake, upana wake na kimo chake ni meta moja moja. Makarani hawahesabu magogo moja, mawili, matatu. Wanahesabu meta za ujazo.

3. Bei ya kufika. Japani na China zinaandika bei ya mti ulipofika bandarini kwao. Ndani yake mna bei ya mti wenyewe, nauli ya meli na malipo ya bima. Inchi iliyouzisha inaandika bei ya kuondoka, isiyo na nauli ile. Basi mti mmoja una bei mbili katika vitabu viwili, na hakuna karani aliyesema uwongo.

4. Namba ya forodha. Tangu mwaka 1988 inchi nyingi zinafuata orodha moja ya vitu vya biashara. Magogo ni namba 4403. Mbao zilizopasuliwa ni namba 4407. Tripleksi, yaani mbao nyembamba zilizobandikwa pamoja kwa gundi, ni namba 4412. Shikeni namba hizi tatu, tutazihitaji mbele.

II. JAPANI

Vita ilipokwisha mwaka 1945, miji mingi ya Japani ilikuwa imeungua. Watu walitaka nyumba. Misitu yao ilikuwa imekatwa sana. Wakapanda mingine, lakini mti mchanga haupasuliwi mbao. Basi wakatazama ngambo. Mwaka 1964 ununuzi wa miti ya ngambo uliachwa huru kabisa.

Wakanunua kwanza Ufilipino, ambako kulikuwa na miti mirefu inayoitwa lauan. Viwanda vya Japani viliigeuza kuwa tripleksi. Kisha wakaenda Indonesia, na Sabah na Sarawak katika Malaysia. Karibu na mwaka 1973 walifika kilele: magogo ya miti migumu ya inchi zile za joto yalipita meta za ujazo 20 000 000 kwa mwaka mmoja.

Tena yakaanza kushuka. Kwa nini? Mwisho wa mwaka 1973 bei ya petroli ilipanda sana, na ujenzi ukapungua. Lakini sababu kubwa ilikuja baadaye, nayo ilitoka kwa wenye misitu. Indonesia ilikataza kabisa kutoa magogo mwaka 1985. Ufilipino ikakataza mwaka 1986. Sabah ikakataza mwaka 1993. Kila mlango ulipofungwa, wanunuzi walihamia mlango wa pili. Mwisho viwanda vya Japani vikageuza mashini zao vipate kutumia miti mororo, nayo miti iliyopandwa na wazee wao ikawa imekomaa. Mwaka 2002, katika kila miti 100 iliyotumiwa Japani, miti ya kwao haikufika 20. Mwaka 2020 ilipita 40. Na magogo ya inchi za joto, yaliyokuwa zamani milioni 20 na zaidi, baada ya mwaka 2010 hayakufika hata milioni moja.

III. CHINA

Habari ya China inaanza kwa maji. Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika. Watu zaidi ya 3 000 walikufa. Serikali ya China ikaona kwamba milima ya juu ya mto ilikuwa imevuliwa miti, na udongo usio na mizizi haushiki maji ya mvua. Mwaka uleule ikaanza kukataza kukata misitu ya asili katika sehemu zile. Mwisho wa mwaka 2016 katazo likaenea katika misitu ya asili ya inchi nzima.

Lakini watu waliendelea kutaka meza, milango na nyumba. Basi tangu mwaka 1999 China iliondoa kodi ya kuingiza magogo. Mwaka 2001 ikaingia katika Shirika la Biashara la Dunia. Mwaka 1997 ilikuwa imenunua ngambo magogo ya kila namna, migumu na mororo pamoja, yasiyofika meta za ujazo 5 000 000. Mwaka 2014 ilinunua karibu 51 000 000.

Sasa tazameni vema mwaka ule 2014. Katika kila meta 10 za magogo, 7 zilikuwa za miti mororo na 3 tu za miti migumu. Lakini katika kila dola 10 zilizolipwa, zaidi ya 5 zililipa miti migumu. Sehemu ndogo ya meta ilikula sehemu kubwa ya fedha. Ndiyo sababu wanunuzi wako tayari kufuata mti mgumu hata ndani ya pori la mbali, ambako barabara ni mbaya na nauli ni kubwa.

China nayo ilipata kilele na mtelemko. Mwaka 2021 magogo yote yaliyoingia yalipita meta 60 000 000. Mwaka 2023 hayakufika 40 000 000, kwa sababu ujenzi wa nyumba ulikuwa umepungua.

IV. HATARI NNE ZA KULINGANISHA

Sasa mtu anaweza kusema: «Nimeelewa. Nitaandika bei za Japani upande huu, bei za China upande ule, na nitaona nani mkubwa.» Ngoja kidogo. Kuna hatari nne njiani.

Hatari ya kwanza: bei si wingi. Huu ni mfano tu, wa kufundishia. Inchi moja ilinunua mwaka wa kwanza meta 200, kila meta dola 100. Jumla ni dola 20 000. Mwaka wa pili ilinunua meta 150, kila meta dola 160. Jumla ni dola 24 000. Anayetazama dola anasema: «Biashara imeongezeka.» Anayetazama meta anasema: «Imepungua.» Wote wawili wamesema kweli. Mkitaka kujua fedha, someni dola. Mkitaka kujua miti mingapi imeanguka, someni meta. Kisha gawanyeni dola kwa meta, mtapata bei ya meta moja. Namba hii ya tatu ndiyo inayomfaa mwenye msitu, kwa maana inamwambia kama mti wake umekuwa adimu.

Hatari ya pili: fedha zenyewe zinabadilika. Mwaka 1985 dola 1 ilikuwa karibu yeni 240 za Japani. Mwaka 1988 ilikuwa karibu yeni 130. Tufanye kwamba Japani ililipa yeni 240 000 kwa magogo mwaka 1985, na yeni zilezile 240 000 mwaka 1988. Katika kitabu cha dola, mwaka wa kwanza utaandika 1 000, na mwaka wa pili zaidi ya 1 800. Yeni haikuongezeka hata moja, gogo halikuongezeka hata moja, lakini hesabu imepanda karibu mara mbili! Na dola yenyewe haikukaa mahali pamoja. Vitu vilivyonunuliwa Marekani kwa dola 1 mwaka 1973 vilitaka dola 5 na zaidi mwaka 2014. Basi msiweke dola za Japani za mwaka 1973 karibu na dola za China za mwaka 2014 kama kwamba ni ndugu mapacha. Kwanza zirudisheni kwa nguvu moja ya fedha.

Hatari ya tatu: mti unabadilisha nguo. Kumbukeni zile namba tatu za forodha. Indonesia ilipokataza magogo mwaka 1985, haikuacha kuuzisha miti. Ilijenga viwanda na kupeleka tripleksi. Anayesoma namba 4403 peke yake anasema: «Japani imeacha miti ya Indonesia.» Anayesoma namba 4412 anaikuta ileile, imevaa nguo nyingine, na sehemu ya mshahara wa kazi imebaki Indonesia. Hivyo hivyo Gaboni ilikataza magogo mwaka 2010. China ilikuwa mnunuzi wake mkubwa. Okoume uliendelea kutoka, lakini umepasuliwa ao umechongwa kuwa karatasi nyembamba za mbao. Kwa hiyo jumlisheni magogo, mbao na tripleksi, ao semeni wazi: «Mimi nahesabu magogo tu.»

Hatari ya nne: mwaka wa kuanzia. Mkianza hesabu mwaka 1973, mtaona Japani inashuka tu. Mkianza mwaka 1998, mtaona China inapanda tu. Mtu mwenye hila anaweza kuchagua mwaka unaompendeza, na kuonyesha anachotaka. Dawa ni kuanza mbali, na kutazama milima na mabonde yote. Tazameni tena idadi ya watu: China ina watu zaidi ya mara 10 ya Japani. Kama inchi hizi mbili zikinunua sawasawa, Mjapani mmoja ametumia zaidi kuliko Mchina mmoja. Na miti yote inayoingia China haibaki China: sehemu yake inageuzwa viti, meza na tripleksi, na inapanda meli tena kwenda Marekani na Ulaya. Kuingiza si kutumia.

V. TUNAONA NINI SASA?

Tukiziepuka hatari hizi nne, inchi zetu mbili zinafanana kuliko tulivyofikiri. Kila moja ilikuwa na misitu iliyokatwa sana. Kila moja ilikuwa na ujenzi mkubwa. Kila moja ilifunga ao ilipumzisha msitu wake, ikafungua wa wengine. Moja ilifanya hivyo katika miaka ya 1960, nyingine baada ya mwaka 1998.

Tofauti yao moja ni hii. Japani ilichukua zaidi katika inchi chache za karibu, na kwa namna chache za miti, kwa tripleksi. China ilichukua mahali pengi: Urusi, Papua New Guinea, visiwa vya Solomon, Myanmar, Gaboni, Kongo. Kwa hiyo mlango mmoja ukifungwa, China haisimami. Myanmar ilipokataza magogo mwaka 2014, wanunuzi waliendelea kutafuta kwingine.

Na sasa neno kubwa la somo hili. Katika vitabu vya mnunuzi, bei iliyopanda inaonekana kama baraka. Kitabu kile hakiandiki ni miti mingapi iliyobaki mahali ilipotoka. Ufilipino iliuzisha magogo mengi sana katika miaka ya 1960. Baadaye misitu ilipokwisha kupungua, inchi ileile ikaanza kununua mbao ngambo kwa kujenga nyumba zake. Mstari wa Japani ulikuwa unapanda huku msitu wa Ufilipino unashuka, na karani wa forodha hakuwa na mahali pa kuandika habari hiyo.

VI. MUKULA WA KATANGA

Hayo si mambo ya Asia tu. Watu wa Katanga ya Juu, hasa upande wa Kasenga, wameyaona.

Katika China mna miti ya rangi nyekundu inayopendwa sana kwa viti na vitanda vya fahari. Inaitwa hongmu. Mwaka 2000 China iliandika orodha ya miti hiyo, namna 33. Ile ya Asia ikawa adimu na ghali, na mingine ikawekewa ulinzi. Basi wanunuzi wakatafuta mti unaofanana nayo. Wakaukuta mukula, ambao wazee wetu wanaujua kwa unga wake mwekundu. Karibu na mwaka 2013 magari yakaanza kubeba mukula mwingi, yakipita Kasumbalesa na Zambia kwenda kwenye bandari za bahari. Ule mwaka 2014, ambao tuliona miti migumu ikila zaidi ya nusu ya dola, ulikuwa mwaka wa moto wa hongmu. Mwaka 2015 moto ulipungua.

Mukula unakua polepole. Mnunuzi hakuuleta, naye hatangoja ukue tena. Mwaka 2019 mapatano ya inchi nyingi yanayoitwa CITES yaliuandika mukula katika orodha yake ya pili: kuanzia hapo hautoki katika inchi bila karatasi ya ruhusa. Afrormosia wa upande wa Kisangani uliandikwa katika orodha ileile tangu mwaka 1992. Ulinzi ni kitu chema, lakini mara nyingi unafika wakati shoka limekwisha kupita.

VII. MAMBO YA KUFANYA KIJIJINI

1. Msikubali hesabu ya gogo moja moja. Pimeni. Twaeni unene wa gogo katikati, bila ganda. Unene mara unene, mara 0,785, mara urefu. Gogo lenye unene wa meta 0,60 na urefu wa meta 5 ni: 0,60 × 0,60 × 0,785 × 5 = meta za ujazo 1,41. Gogo lenye unene wa meta 0,40 na urefu uleule ni 0,63 tu. La kwanza ni zaidi ya mara mbili ya la pili. Lakini kijiji kinachouzisha «kwa gogo» kinapokea bei moja kwa yote mawili! Hapo mali imepotea bila mwizi.

2. Andikeni katika daftari: siku, jina la mti, unene, urefu, meta za ujazo, bei, jina la mnunuzi, namba ya ruhusa yake. Tumeona kwamba inchi kubwa zinafanya hivyo. Kwa nini kijiji kisifanye?

3. Ulizeni bei ya meta moja mjini na kwa madereva, si kwa mnunuzi peke yake. Kumbukeni kwamba bei ya kufika ina nauli ndani. Hamwezi kuidai yote. Lakini mkiijua, mtajua kama sehemu yenu ni ya haki ao ni makombo.

4. Hesabuni miti iliyosimama kabla ya kuhesabu franka. Miti mikubwa mingapi? Michanga mingapi? Acheni miti ya mbegu.

5. Tangu mwaka 2014 kuna amri ya Serikali inayowapa wenyeji njia ya kuomba msitu wao uandikwe kwa jina la jamii yao, hata kufika hektari 50 000. Ulizeni habari hiyo kwenye ofisi ya mazingira. Msitu wenye jina hauuzishwi usiku na mtu mmoja.

MAULIZO

1. Kwa nini bei ya miti iliyoingia inaweza kupanda, huku meta za ujazo zinapungua?

2. Mtu mmoja alisema: «Japani haikuchukua tena mti wa Indonesia baada ya mwaka 1985.» Alisahau namba gani ya forodha?

3. Gogo lina unene wa meta 0,50 na urefu wa meta 4. Ni meta za ujazo ngapi? (Jibu: 0,785.)

4. Katika mwaka 2014, miti migumu ilikuwa meta 3 katika kila 10 za magogo yaliyoingia China. Ilikula dola ngapi katika kila 10? Neno hilo linamfundisha nini mwenye msitu?

5. Taja mti mmoja wa kwenu unaotafutwa na wanunuzi. Mkubwa wa mwisho mliuona wapi, na umbali gani toka kijijini? Wazee waliuona umbali gani walipokuwa vijana?

Ulizo la tano halina jibu katika kitabu hiki. Jibu lake liko kwenu. Mlitafute pamoja, mliandike katika daftari, na mwaka ujao mlisome tena. Mali bila daftari huisha bila habari.